Kansa yangu imetoka upande wa baba

Kwetu mwanamke akiugua kansa ya kizazi, macho yote huenda kwa mama yake. Mama yake alikufa na nini? Bibi mzaa mama je? Mama wadogo je? Baba hatajwi kabisa. Kwa hiyo nilipoandika kwenye grupu la ukoo la WhatsApp kwamba yangu nimeirithi kwa marehemu baba, simu kutoka Unguja zilimiminika, na swali lilikuwa moja: baba na kizazi wapi na wapi?

Nimeshalijibu kwa mdomo mpaka koo limenikauka. Leo naandika. Anayetaka asome, na mwenye dada amtumie dada yake.

Kwanza tusichanganye. Kansa niliyougua si ile ya shingo ya kizazi. Ile ya shingo, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, huletwa na kirusi kinachoitwa HPV. Haiji kwa damu ya ukoo, na ina chanjo. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima mwaka 2018. Yangu ilianzia ndani zaidi, kwenye ule ukuta wa mji wa mimba unaojijenga na kubomoka kila mwezi. Kirusi hakimo. Kwa wanawake wengi kansa hii huja baada ya hedhi kukoma, na unene na kisukari huchangia. Mimi nilikuwa na miaka 47, hedhi bado naiona, sukari sina, na mwili wangu ni wa kawaida tu, japo mume wangu ana maoni yake. Damu ikaanza kuja katikati ya mwezi. Kidogo, halafu si kidogo. Wakachukua kinyama, jibu likaja.

Nilitolewa kizazi, mirija na ovari zote mbili kwa matundu madogo ya tumboni. Sikuhitaji mionzi wala kemo. Nakuwa mfupi hapa kwa makusudi. Alhamdulillahi upande huo umekwisha, imebaki hii joto ya ghafla ya kukatika hedhi kwa kisu, ambayo kwa mtu anayefanya kazi jikoni kwenye skuli ya msingi Milton Keynes, mbele ya majiko sita, ni adhabu ya peke yake. Nililokalia kitako kuliandika ni jengine.

Tangu Oktoba 2020, NICE, taasisi inayotoa miongozo kwa hospitali za serikali huku England, imependekeza kwamba kila kansa ya mji wa mimba ikigunduliwa ipimwe kama ina dalili ya kurithiwa. Kila moja. Hawasubiri mgonjwa aseme "kwetu yapo haya". Nimelipenda sana pendekezo hilo, kwa sababu lau wangesubiri mimi niseme, ningesema hapana, kwetu hayapo, na ningesema kwa moyo safi.

Kinyama changu kilipofika maabara kilikatwa vipande vyembamba, vikatiwa rangi kutafuta protini nne. Majina yake ni MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6; usijisumbue kuyahifadhi, lakini ukiyaona kwenye barua ya hospitali usiipinduepindue, isome. Seli inapojigawa inanakili DNA yake yote, yaani maandishi yake ya urithi, na katika kunakili lazima iteleze mahali. Protini hizi zinapita nyuma yake kama mwalimu wa chuoni anayemsikiliza mtoto akisoma: akiteleza herufi anarudishwa pale pale. Zinakwenda mbili mbili, MLH1 na PMS2, MSH2 na MSH6. Zikikosekana makosa yanarundikana, na seli inaweza kuharibika ikawa kansa.

Kwenye uvimbe wangu jozi ya pili haikuonekana. Daktari akanieleza kwamba ingekosekana ile ya kwanza, mara nyingi si urithi: jeni la MLH1, yaani kile kipande cha DNA chenye maagizo ya kuitengeneza protini hiyo, linaweza kuzimwa ndani ya uvimbe wenyewe, uzeeni, na wana kipimo chengine cha kulihakikisha hilo kabla hawajamtia mtu wasiwasi. Ya pili ikikosekana, shaka ya kurithi inakuwa kubwa. Hapo ndipo wanapoomba damu.

Naomba hapa tusimame kidogo, maana wengi hupotelea hapa. Kipimo cha kinyama kinasema uvimbe ukoje. Kipimo cha damu kinasema wewe ulizaliwaje. Ni vitu viwili. Cha kwanza walikifanya bila kuniuliza, ni sehemu ya kuukagua uvimbe. Cha pili walinikalisha, wakanieleza, na nikatia saini. Maana jibu lake halibaki kwangu. Likitoka, linamhusu kaka yangu, wanangu, na watu wa Muscat ambao sijawaona tangu harusi ya mwaka ule.

Nikapelekwa kwa mshauri wa mambo ya kurithi. Dada wa Kihindi, kazaliwa Leicester, bibi yake katoka Mombasa, na anajua kusema "karibu" na "pole pole" na hapo Kiswahili chake kimekwisha. Akachukua karatasi, akaanza kunichorea ukoo. Wanawake duara, wanaume mraba. Aliyekufa anapigwa mstari wa mshazari. Aliyeugua kansa anatiwa wino, na pembeni inaandikwa kansa gani na miaka mingapi alipoipata. Vizazi vitatu, pande zote mbili.

Upande wa mama ulijaa haraka, karibu wote weupe. Watu wa mama wanaishi mpaka wanawachosha wakwe zao. Tukahamia kwa baba. Mraba wa baba, mstari. Alikufa na nini? Tumbo. Miaka mingapi? Hamsini na moja. Duara la shangazi mkubwa, mstari. Alikufa na nini? Tumbo. Shangazi wa pili, aliyeolewa Pemba? Huyo walisema katupiwa kitu. Babu? Babu alianguka shambani na hakuinuka. Namwangalia anavyoandika: tumbo, alama ya kuuliza; tumbo, alama ya kuuliza. Kwa yule wa Pemba aliandika alama ya kuuliza peke yake.

Kisha akaniuliza kama baba na mama yangu ni ndugu, na mume wangu je. Nikamwambia babu na bibi mzaa baba walikuwa watoto wa ami, mume wangu mtu wa Makunduchi hatuna udugu wowote. Akachora mistari miwili baina ya babu na bibi. Kumbe ina alama yake hiyo pia. Nitairudia, ina uzito.

Akanipa kazi: uliza nyumbani.

Sasa nani wa kumuuliza? Katika watoto wa babu kabakia shangazi mdogo peke yake, yupo Kikwajuni, na nilipompigia alinijibu kwa neno moja, "Maiti hafukuliwi." Akaniombea dua ndefu nzuri, akakata. Wazee wetu wana adabu yao katika hili, na mimi siitukani. Maradhi ya mwanamke ya huko chini ni sitara yake. Watu walikaa matanga, wakala pilau ya hitima, wakaondoka, na hakuna aliyeuliza. Ila sitara hiyo hiyo ndiyo iliyonileta mimi nikaketi mbele ya karatasi ya watu weupe bila kujua baba yangu kafa na nini.

Aliyenitoa ni mwosha maiti wa mtaa. Bi mkubwa huyu ameosha karibu wanawake wote wa mtaa wetu waliokufa tangu nikiwa skuli, na mama yangu akanikumbusha kwamba ndiye aliyemwosha shangazi mkubwa. Nikampigia. Akasema mwosha hasemi alichokiona. Nikasema najua, bibi, shikamoo tena, na sikumshikilia. Kesho yake alasiri akapiga yeye. Kaenda kwa sheikh, kamuuliza. Kaambiwa la kumfaa aliye hai na lisemwe, kwa mwenye haja nalo tu. Akanieleza, kwa sauti ya chini ingawa alikuwa peke yake chumbani: shangazi alikuwa akitoka damu mpaka siku ya mwisho, na hedhi yake ilikuwa imekatika zamani. Walitumia pamba nyingi. Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza zaidi.

Nadhani ni yeye pia aliyekwenda kwa shangazi mdogo, kwa sababu siku chache baadaye picha ikaingia kwenye simu yangu. Karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne, imetoka kwenye kasha. Picha imepigwa ubavu, na kidole gumba cha mjukuu kimeziba tarehe. Ocean Road, Dar es Salaam. Jina la shangazi. Umri 49. Na kwa mwandiko wa daktari, "Ca", yaani kansa, halafu neno refu ambalo nilikuwa nimeshalisoma kwenye barua zangu mwenyewe. Alipelekwa kwa mionzi. Alivuka bahari kwa boti, akakaa kwa jamaa Kariakoo, akatibiwa, akarudi, na sisi watoto tuliambiwa kaenda Dar kutembea.

Ya baba yalikuja kwa mlango huo huo. Aliyemwosha ni mume wa yule bi mkubwa, naye bado yu hai. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao, choo kilikuwa kimemfunga, na miezi kabla yake alikuwa akitoa damu njia ya haja kubwa na akimwambia kila mtu ni bawasiri. Hatuna karatasi. Mshauri aliposikia akaandika utumbo mpana, na safari hii alama ya kuuliza akaiweka ndogo.

Akanisimulia kisa ambacho kimenikaa. Mwaka 1895, katika mji wa Ann Arbor huko Michigan, Marekani, daktari wa maabara jina lake Aldred Warthin alikuwa na mwanamke anayemshonea nguo. Siku moja akamkuta hana raha, akamuuliza, naye akasema: mimi nitakufa mapema, kwetu sote tunakufa kwa kansa ya tumbo au ya kizazi. Akafa kweli, kwa kansa ya mji wa mimba. Warthin akaufuata ukoo ule mmoja mmoja, na mwaka 1913 akaandika aliyoyaona. Wengi hawakumjali. Katika miaka ya 1960 akaja Henry Lynch, daktari wa Omaha, Nebraska, naye akawa anakusanya koo za namna hiyo wakati wenzake wanamwambia kansa hairithiwi. Hali hii ya kurithi kansa leo inaitwa kwa jina lake, Lynch. Jeni la MSH2 liligunduliwa mwaka 1993, na baadaye ukoo wa yule mshonaji ulipopimwa, lilikuwa ni hilo hilo MSH2. Mshonaji alijua miaka mia kabla ya maabara. Wazee wa kwetu nao wakisema "sisi tumbo ndilo letu", kumbe wanatoa historia ya maradhi, ila hakuna wa kuiandika.

Jibu langu la damu lilikuja baada ya wiki kadhaa. MSH2.

Maana yake ni hii. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hilo, moja ya baba na moja ya mama. Yangu moja nimezaliwa nayo mbovu. Kila mtoto wangu ana nusu kwa nusu ya kuipata, awe mwanamume au mwanamke. Na mwanamume akiwa nayo hafichiki nayo: hana kizazi cha kuugua, lakini ana utumbo, na ana watoto wa kike. Ndivyo baba na kizazi walivyokutana. Shangazi mkubwa ilimshika kwenye mji wa mimba, baba ikamshika kwenye utumbo, mimi ikanishika kama shangazi. Ni jeni moja.

Hesabu zake zinatisha, na afadhali zitishe zikiwa mezani. Madaktari wa nchi nyingi wamekuwa wakiwafuatilia watu wenye Lynch kwa miaka. Wanawake wenye MSH2 mbovu, mpaka wafike miaka 75, karibu 49 kati ya 100 wanapata kansa ya mji wa mimba, na kiasi cha 17 kati ya 100 kansa ya ovari. Kansa ya utumbo mpana ni karibu 47 kati ya 100. Mwanamke wa kawaida wa Uingereza kansa ya mji wa mimba humpata kama 3 kati ya 100. Lakini MSH2 si sawa na PMS2. Huyo wa PMS2 hesabu zake ni ndogo sana kuliko zangu. Kwa hiyo mtu akikwambia "nina Lynch", muulize jeni gani kabla hujamlilia.

Na faida ipo. Utumbo wangu sasa unatazamwa kwa kamera kila baada ya miaka miwili, na kijinyama kikionekana kinaondolewa pale pale kabla hakijawa kitu. Kuna pia aspirini. Profesa John Burn wa Newcastle na wenzake waliwagawa watu wenye Lynch mafungu mawili, wengine aspirini, wengine kidonge kitupu, na miaka ilivyopita waliopewa aspirini walipata kansa chache zaidi za utumbo. Mimi natumia kwa idhini ya daktari wangu. Usianze yako kwa kunisoma mimi, inaweza kumtoboa mtu tumbo. Na lau kansa yangu ingekuwa imesambaa, ile kukosekana kwa protini ingenifungulia mlango wa dawa za kuamsha kinga ya mwili. Marekani tangu 2017 wameruhusu moja ya dawa hizo, pembrolizumab, kwa uvimbe wa namna hii popote ulipoanzia mwilini. Kwa hiyo kipimo hiki si cha kujua asili tu. Kinaweza kubadilisha dawa.

Wodini jirani yangu wa kitanda alikuwa mama wa Kibarawa, watu wa pwani ya Somalia. Kiswahili chake cha Kichimini na changu cha Unguja vilikuwa vikipishana kila baada ya maneno mawili, tukicheka mpaka nesi anakuja kutazama. Yeye ilikuwa ovari. Kwa kansa ya ovari majeni yanayotafutwa kwanza ni mengine, BRCA1 na BRCA2, yale yanayojulikana zaidi kwa kansa ya matiti. Huku kila mwanamke mwenye aina ya kawaida ya kansa ya ovari hupewa nafasi ya kupimwa, hata kama kwao hakuna aliyeugua. Na pana sababu ya haraka: akikutwa na BRCA mbovu, baada ya kemo anaweza kupewa vidonge vya olaparib. Utafiti uliotoka 2018 ulionyesha kwamba vidonge hivyo vilipunguza hatari ya kansa kurudi au kuua kwa asilimia 70 kwa wanawake wa namna hiyo.

Jibu lake halikuwa ndiyo wala siyo. Waliona herufi imebadilika kwenye BRCA2, lakini hawajui kama mabadiliko hayo yana madhara. Mama wa watu akachanganyikiwa. Binti yake akataka kwenda kukatwa matiti wiki ile ile. Wakamzuia, na walikuwa na haki: jibu la namna hiyo halifanyiwi kitu, si kwa mgonjwa wala kwa ndugu zake, mpaka lijulikane. Likija kujulikana, mara nyingi huwa ni tofauti ya kawaida tu ya watu.

Hapa ndipo pananikera. Majibu hayo ya "hatujui" huwaangukia zaidi watu weusi, kwa sababu hazina ya majeni ambayo maabara hulinganishia imejaa damu za Wazungu. Herufi ambayo pengine nusu ya Barawa wanayo toka enzi, kwenye kompyuta ya London ni ajabu. Profesa Olufunmilayo Olopade, Mnigeria anayefundisha Chicago, na wenzake waliwapima zaidi ya wanawake elfu moja wa Nigeria wenye kansa ya matiti, wakakuta kiasi cha mmoja katika wanane ana jeni la kurithi lililoharibika, BRCA1 likiongoza. Waliotoa damu pale wamewasaidia wasiowajua. Ndiyo maana waliponiuliza kama taarifa zangu ziingie kwenye utafiti, nilitia saini bila kumpigia simu mtu yeyote. Mama wa Kibarawa naye akatia.

Kuwaambia watu wangu kulikuwa na rangi zote. Kaka yangu alisema ni mipango ya Mungu, nikamwambia na kamera ya utumbo pia ni mipango ya Mungu. Binamu mmoja alisema nawachuria. Mwengine, yupo Marekani, alisema yeye yuko salama kwa sababu alishanunua kile kipimo cha kutemea mate kwenye kichupa na kupeleka kwa posta. Nikamwomba anisomee maandishi madogo. Kilikuwa kimetazama mabadiliko matatu tu ya BRCA, yanayopatikana zaidi kwa Wayahudi wa Ashkenazi. Mswahili wa watu ana raha kwa kuambiwa hana maradhi ya Wayahudi, na MSH2 haikuguswa! Akaenda kupimwa kwa kweli. Nikamkumbusha pia kwamba sheria ya huko ya 2008 inamlinda kwenye bima ya afya na kazini, lakini bima ya maisha haimo, basi kama anaitaka aishughulikie kwanza.

Zito lilikuwa jengine. Kulikuwa na posa. Kijana wa kaka yangu, yupo huku, na mjukuu wa shangazi mkubwa, yupo Muscat. Wazee wameshakubaliana, mahari imeshatajwa. Ule mstari wa mara mbili niliosema nitaurudia ndio huu. Mtu akipata nakala moja mbovu ana Lynch, na kansa, ikija, huja ukubwani. Lakini wawili wenye jeni hilo hilo bovu wakioana, kila mtoto ana nafasi moja katika nne ya kupata nakala mbovu mbili, na mtoto huyo hatari yake huanza utotoni: kansa ya ubongo, ya damu, ya utumbo. Nilikaa na jambo hilo usiku mzima. Kuoana ndugu kwetu ni heshima na ni mali kubaki ndani, na mimi ndiye shangazi wa bwana harusi, nikisema nitaambiwa nina chuki na nikinyamaza nitajilaumu. Nikampigia kijana mwenyewe, si baba yake. Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Akasema, "Shangazi, basi si tupime tu?" Kijana wa siku hizi, hana makuu. Akazungumza na mwenzake, kila mmoja akapimwa alipo. Majibu yao ni yao, siyaandiki. Walikwenda kwenye mazungumzo na wazee wakiwa wanajua, na hilo ndilo nililolitaka.

Wanaoniuliza sana ni dada zangu walioko Unguja na Dar: na sisi je? Nasema ninavyoona mimi. Asianze mzima. Watu hupenda kumpeleka binti mbichi asiyeumwa kwa kuwa ndiye anayesomeka na ana hofu. Lakini kama ubovu wa ukoo haujajulikana ni upi, binti akiambiwa "safi" hakuna aliyejua kitu. Pengine kwao kuna jeni ambalo halikutafutwa. Anayepimwa kwanza ni aliyeugua, akiwa hai. Ubovu wake ukishajulikana, ndugu wengine wanatafutiwa herufi ile ile moja tu, na hiyo ni kazi nyepesi na ya bei ya chini, na hapo "huna" inakuwa huna kweli. Aliyeugua akiwa ameshafariki, ulizeni hospitali kama kinyama chake kimehifadhiwa. Maabara huvitia kwenye nta na vinaweza kukaa miaka.

Na pasipo na kipimo, karatasi na kalamu zipo. Duara, mraba, wino. Ukiwa na wawili watatu upande mmoja wenye utumbo, mji wa mimba au ovari, na mmoja wao hajafika 50, ichukue karatasi hiyo uende nayo kwa daktari, umwambie unataka utumbo utazamwe. Damu baada ya hedhi kukoma haina kusubiri. Hata ikiwa tone. Wala usikubali kuambiwa bawasiri bila ya mtu kutazama.

Kaka yangu alipimwa hatimaye. Anayo. Kamera ilimkuta na vijinyama viwili, vikatolewa, akarudi nyumbani jioni, na mpaka leo analolilalamikia ni ile dawa ya kuharisha ya usiku kabla yake. Anasema hawezi kuinywa tena mpaka wabadilishe ladha. Nimemwambia aitie barafu na anywe kwa mrija, ataizoea. Miaka miwili si mingi.

Walio wa ukoo wetu mnaosoma hapa, watoto wa shangazi wa Pemba hasa, ambao namba zenu za simu sinazo: barua ya maabara ninayo, ina jina la jeni na herufi yenyewe iliyobadilika, na daktari yeyote mtakayempelekea atajua atafute nini. Ulizeni kwa shangazi mdogo Kikwajuni. Anayo nakala, kaiweka kwenye lile kasha, na sasa anatoa mwenyewe bila kuombwa mara mbili.